Wote Tuliona, Hakuna Aliyesema: Maandiko ya Ukutani Yaripotiwe

Leo sina habari ya mgodi wala ya mpaka. Nina habari ya ukuta mmoja, na katika habari hiyo mkosaji wa kwanza ni mimi mwandishi wenu.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limejaa kila mahali kama mnavyolijua vumbi la Kipushi. Nilikuwa juu ya pikipiki nikienda kazini, redioni. Tulipofika karibu na soko moja dogo, niliona kwenye ukuta wa nyumba moja ya kambi ya zamani ya Gécamines kwamba mtu ameandika kwa makala, herufi kubwa kubwa, maneno ya kuwaambia watu wa kabila fulani warudi kwao. Chini yake ameongeza tusi. Maneno yenyewe siyarudii hapa, na nitaeleza kwa nini.

Nilimwambia mwenye pikipiki asimame. Nilitoa simu, nikapiga picha, nikaituma katika makundi mawili ya WhatsApp, moja la waandishi wa habari na lingine la kartie yetu. Nikaandika chini: "Tazameni kinachotokea Kipushi." Nilifurahi kuwa wa kwanza. Kisha nikapanda pikipiki, nikaendelea na safari.

Saa sita mchana picha ilikuwa imefika Lubumbashi, kilomita kama 30 kutoka hapa. Jioni ilinirudia mimi mwenyewe, imetumwa na ndugu yangu wa Likasi, ikiwa pamoja na sauti ya mwanaume nisiyemjua. Anasema Kipushi nyumba zinachomwa, watu wameanza kukimbilia Zambia. Hakuna nyumba iliyochomwa. Hakuna aliyevuka mpaka. Lakini usiku ule, mama mmoja jirani yangu, aliyezalia watoto wake wote hapa Kipushi, alifunga nguo za watoto katika shuka mbili na kukaa karibu na mlango mpaka kulipopambazuka. Nilimkuta asubuhi, macho mekundu. Aliniuliza, "Yaya, wewe ni mtu wa redio, ni kweli?" Sikuwa na uso wa kumtazama.

Nilikwenda kwa shefu wa avenyu, mzee mstaafu wa Gécamines.

"Papa shefu, ule ukuta wa karibu na soko umeuona?"

"Ukuta gani, mwanangu?"

Magoti yanamsumbua, sokoni hafiki tena. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Tulienda naye polepole, tukauliza. Maneno yale yalikuwa pale tangu siku tatu. Mama wa kuuza unga waliyaona. Wanafunzi waliyaona wakienda na wakirudi. Wenye pikipiki waliyaona. Askari mmoja polisi aliyekuja kununua mkate aliyaona, akanunua mkate wake, akaondoka. Mzee alinigeukia akasema: "Umeambia Lubumbashi nzima, na mimi ninayekaa hapa hukuniambia?"

Akaita vijana wawili. Ndoo moja ya chokaa, brashi moja ya zamani. Walimaliza mbele ya maji ya bukari kuchemka. Aliyeandika hatumjui mpaka leo, na hayakurudi.

Nimeichukua habari hii kutoka katika maisha yangu kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema kwamba maandiko ya ukutani ni mambo ya watoto. Ninasema wazi: katika muji kama wetu, andiko lolote la ukutani linalotukana, linalotisha au linalogombania nyumba ya mtu linapaswa kuripotiwa siku ileile kwa mtu mwenye kazi ya kulishughulikia. Anayeliona akanyamaza anamsaidia aliyeandika. Na anayelipiga picha na kulisambaza, kama nilivyofanya mimi, anamsaidia zaidi.

Kwanza tujue tunaongea juu ya nini, maana si kila rangi ukutani ni kosa.

Kuna michoro ya maduka na ya saluni, kuna matangazo ya wachungaji, kuna picha ambazo wachoraji wetu wa Katanga wanachora vizuri kuliko wengi. Hizo ni mali ya muji. Lubumbashi ni muji wa wachoraji tangu zamani, na hakuna anayetaka kuta zote ziwe nyeupe kama hospitali. Kuna pia vijana wanaoandika majina yao na ya timu zao. Hao waambiwe na wazazi wao, basi.

Lakini kuna aina tatu za maandiko ambazo zinabeba jambo zito.

Ya kwanza ni ile niliyoeleza: maneno ya kabila. Sisi wa Katanga hatuna ruhusa ya kusema hatujui yanakotupeleka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia nzima zililala katika stesheni za treni zikingojea behewa la kuzipeleka mahali ambapo watoto wao hawakupajua. Wengine walifia palepale stesheni, wengine njiani. Mbele ya mikono kuanza kazi, mdomo ulikuwa umeshafanya kazi yake: watu waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini nimekua nikisikia wazazi wakishusha sauti wanapofika kwenye miaka ile. Ni mwaka 1993 pia mgodi wetu wa Kipushi ulisimama, na umaskini ukaingia nyumba zote bila kuuliza kabila.

Leo mgodi umeanza tena. Tangu 2024 zinki ya Kipushi inatoka. Watu wanakuja kutafuta kazi kutoka kila upande, na kila anayekosa kazi anatafuta wa kumlaumu. Hapo ndipo makala yanachukuliwa na ukuta unaandikwa. Tukisema "ni watoto", tunasahau kwamba mtoto haandiki neno ambalo hajalisikia kwa mkubwa.

Katika masomo ya uandishi wa habari tulifundishwa juu ya redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ikawaita watu mende, na mwaka uliofuata tunajua kilichotokea. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wakubwa wa redio ile. Ukuta si redio. Hauna nguvu ya kufikia inchi nzima. Lakini una kitu ambacho redio haina: hauzimwi. Unatangaza usiku na mchana, na kila anayepita ni msikilizaji.

Sheria yetu haijalala juu ya jambo hili. Tangu tarehe 7 Juni 1966, inchi hii ina sheria namba 66-342 ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Ina karibu miaka 60. Sheria ipo, lakini nani atampelekea shefu, polisi au mwendesha mashtaka habari, ikiwa sisi wote tunapita tukitazama upande mwingine?

Aina ya pili ni ile mnayoijua wote, imejaa Lubumbashi, Kipushi na miji mingi ya Kongo: "Maison n'est pas à vendre", "Parcelle à ne pas vendre". Nyumba haiuzwi. Mgeni akija anacheka, anauliza kwa nini mtu aandike kwamba hauzi kitu. Sisi hatucheki. Tunajua kwamba nyuma ya rangi ile kuna mjane ambaye ndugu za marehemu wamemletea mnunuzi, au watoto waliogawanyika baada ya kifo cha baba, au mjanja aliyetengeneza karatasi za uongo. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya serkali, na anayesimama imara ni mwenye ile karatasi tunayoita certificat d'enregistrement. Lakini ni wangapi katika avenyu yako wanayo? Wengi wana karatasi ya kununua tu, wengine hawana hata hiyo. Kwa hiyo wanaandika ukutani. Ni silaha ya asiye na wakili.

Maandiko ya namna hii hatuyafuti. Tunayaripoti kwa sababu yanalia. Mwaka fulani niliona rangi mbichi ya namna hiyo kwenye nyumba ya mama mmoja. Badala ya kupita, niliuliza. Mnunuzi alikuwa mtu wa Lubumbashi, alikuwa ameshaonyeshwa karatasi na alikuwa tayari kutoa pesa. Shefu wa kartie alipopewa habari, aliwaita watu wote wa familia chini ya mti mbele ya pesa kutoka mfukoni. Mnunuzi aliponyesha pesa zake, mama akabaki ndani ya nyumba yake. Kama tungengoja miezi miwili, ingekuwa kesi ya miaka mingi. Ndiyo faida ya kusema mapema.

Aina ya tatu ni msalaba mwekundu. Unaamka asubuhi, nyumba yako ina msalaba wa rangi: itabomolewa. Nani ameuweka? Kwa barua gani? Mara nyingine ni ofisi yenye haki, kwa sababu nyumba imejengwa njiani au katika eneo lisiloruhusiwa. Lakini rangi nyekundu inauzwa dukani kwa kila mtu. Mjanja yeyote anaweza kupaka misalaba usiku, kisha mchana akapita akisema, "Nipe kitu kidogo, nitakusaidia ufutwe." Ukilipa kwa kunyamaza, jirani yako atalipa kesho. Ukiripoti siku ileile kwa shefu, na shefu akauliza ofisi ya teritware kama kuna barua, ukweli unajulikana haraka. Ikiwa ni wa kweli, unapata siku za kujitetea. Ikiwa ni wa uongo, mwizi ameshikwa mbele ya kula.

Sasa nisikie wanaonipinga, maana nimeshawasikia mara nyingi, hata ndani ya nyumba yangu.

Wanasema: "Hatuna maji ya kutosha, umeme unakatika, barabara ni mashimo, na wewe unatuletea habari ya maandiko?" Ni kweli, mambo hayo ni makubwa. Lakini maji yanahitaji pampu, umeme unahitaji nyaya na pesa. Kumwambia shefu kwamba ukuta umeandikwa kunahitaji miguu na mdomo. Tena, muji ambao wakaaji wake wamezoea kuripoti ukuta, ndio utakaoripoti bomba lililopasuka na waya ulioanguka. Desturi ni moja. Sisi tumezoea kungoja mpaka mtu afe, ndipo tunaitana.

Wanasema: "Kuripoti ni kumuuza mwenzako." Hii inatoka mbali, na siidharau. Wazee wetu waliishi wakati wa Mobutu, wakati ambapo jirani aliweza kukupeleka kwa watu wa MPR kwa neno moja ulilosema ukinywa pombe. Watu walijifunza kufunga mdomo, wakatufundisha na sisi. Lakini angalieni tofauti. Ninachoomba ni kuripoti ukuta, siyo mtu. Unasema: avenyu fulani, parseli namba fulani, kumeandikwa hivi, nimeona siku fulani. Basi. Humtaji unayemshuku, kwa sababu kumshuku si kumjua, na jina lililotajwa bure linaweza kuzaa fitina mbaya kuliko andiko lenyewe. Mzee wetu wa avenyu hakumtafuta aliyeandika. Alitafuta chokaa.

Wanasema: "Hata ukiripoti, hawafanyi kitu." Hapa ninawapa nusu ya haki. Kuna ofisi ambazo nimepeleka habari, nikaambiwa nirudi kesho, na kesho nikaambiwa karani hayupo. Lakini mtu mmoja akiripoti ni rahisi kumrudisha. Watu kumi wakiripoti ukuta mmoja, kila mmoja siku yake, na habari ikaandikwa katika daftari, mkubwa hawezi tena kusema hakujua. Kutojua ndio kimbilio la viongozi wetu. Kila habari tunayoipeleka inafunga mlango wa kimbilio hilo.

Wanasema tena: "Huo ni uhuru wa kusema, uko katika katiba." Ndiyo, kifungu cha 23 cha katiba ya 2006 kinatoa uhuru wa kusema, na mimi ninayekula kwa kazi ya redio ndiye wa mwisho kuupinga. Lakini kifungu hichohicho kinasema uhuru huo una mipaka ya sheria, ya utulivu wa umma na ya maadili mema. Na kifungu cha 34 kinasema mali ya mtu ni takatifu. Ukuta wa nyumba ya mama yule si wa aliyeandika. Aliyekuwa na neno la kusema angelisema mchana, kwa jina lake, kwenye mikutano au kwenye redio yetu ambayo mlango wake uko wazi. Anayeandika usiku kwamba jirani yake ni mdudu hatafuti mazungumzo.

Hapa nina neno kwa wakubwa pia, na walisikie vizuri. Kuripoti maandiko kusiwe njia ya kufuta wanaowalaumu. Nimeona katika muji mmoja wa jimbo letu ukuta ulioandikwa "Tunataka maji" ukafutwa siku ya pili, huku tusi la kabila kwenye ukuta wa jirani likikaa mpaka mvua ikalitoa. Mnaona haraka ilikuwa ya nani. Andiko linalodai maji ni ripoti tayari. Jibu lake ni maji, siyo chokaa. Kiongozi atakayetumia maneno yangu haya kufuta kilio cha watu, nitaandika juu yake.

Je, kuripoti na kufuta haraka kunasaidia kweli, au ni maneno ya mwandishi? Tuangalie kwa wenzetu.

New York, Marekani, miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, treni za chini ya ardhi zilikuwa zimeandikwa kila mahali, ndani na nje, mpaka abiria hakuweza kuona kupitia dirisha. Walijaribu mbwa, walijaribu seng'enge, walikamata vijana. Kilichofanya kazi ni kanuni moja ndogo iliyoanza mwaka 1984: behewa likishasafishwa, halitembei tena na maandiko. Likiandikwa, linatolewa katika kazi mpaka lisafishwe. Aliyeandika hakuona tena jina lake likizunguka muji, akakosa faida. Mwezi wa Mei 1989 treni ya mwisho yenye maandiko iliondolewa. Miaka mitano. Mtanijibu kwamba New York wana pesa. Ndiyo, lakini pesa walikuwa nazo pia walipokuwa wakishindwa. Kilichobadilika ni haraka, na haraka inatoka kwa anayeona na kusema.

Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walifanya jaribio rahisi. Walining'iniza karatasi za tangazo kwenye baiskeli zilizowekwa katika uchochoro, kisha wakahesabu ni wangapi wataitupa karatasi chini. Ukuta ulipokuwa safi, 33 kwa mia waliitupa. Ukuta huohuo ulipoandikwa ovyo, 69 kwa mia waliitupa. Uchochoro ni uleule, na pale hapakuwa na kosa jingine ila maandiko. Yaani ukuta ulioachwa unamwambia mpita njia: hapa hakuna mwenyewe, fanya unavyotaka. Sasa kama andiko la kawaida linaongeza takataka, ninyi wenyewe fikirini tusi la kabila linaongeza nini.

Nisifiche upande mwingine. Huko Marekani, wazo hili la kusafisha muji lilitumiwa pia na polisi kusumbua vijana maskini, hasa weusi, kwa makosa madogo madogo. Hilo hatulitaki hapa. Vijana wetu wanasumbuliwa vya kutosha. Ndiyo maana ninasema chokaa mbele, na mwenye kosa la kweli la kuchochea watu ashughulikiwe kwa sheria, kwa ushahidi, siyo kwa kukamata watoto wote wa avenyu.

Na kuna mfano wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipokuwa ikiwaka baada ya uchaguzi, kijana mchoraji wa Kibera anayejulikana kama Solo 7 alichukua rangi akaandika maneno ya amani kwenye kuta, kwenye mabati, barabarani, kila mahali Kibera. Hakungoja mradi wala wafadhili. Alijua kwamba ukuta mtupu utapata mwandishi, basi afadhali mwandishi awe yeye. Vijana wetu wachoraji wa Kipushi, mnasikia?

Sasa tufanye nini? Ninataja mambo yanayowezekana wiki hii, bila kungoja bajeti ya jimbo.

Wewe mkaaji: ukiona andiko la namna nilizotaja, andika avenyu, namba ya parseli, siku na saa, na maneno yenyewe jinsi yalivyo. Piga picha moja. Mpelekee shefu wa avenyu au wa kartie, yeye mwenyewe, mkononi. Usiitume picha ya tusi katika kundi lolote. Ukiituma, umechukua ukuta mmoja ukaufanya kuta elfu, na hizo hakuna chokaa ya kuzifuta. Kosa hilo mimi nimelifanya. Msilirudie. Ukiogopa kwenda peke yako, enda na mtu wa kanisa lako au wa shirika la raia. Na mwenye nyumba iliyoandikwa asiogope: yeye ni mwenye kuonewa, asitozwe hata franka moja.

Ninyi mashefu: nunueni daftari moja, la wanafunzi linatosha. Upande mmoja siku, mahali na maneno. Upande wa pili mlichofanya na lini. Tusi na vitisho vifutwe ndani ya siku mbili, baada ya picha kupigwa kwa ajili ya ushahidi. "Haiuzwi" isifutwe, bali familia iitwe. Msalaba mwekundu uulizwe barua yake. Kila mwisho wa mwezi, daftari lifike teritware.

Ninyi wakubwa wa teritware na polisi: msalaba wa serkali uwe na tarehe, namba ya barua na jina la ofisi. Msalaba usio na hayo wakaaji wawe na haki ya kuudharau. Na askari aliyeona tusi akanunua mkate wake akaondoka, aulizwe.

Ninyi wanasiasa: uchaguzi wa Desemba 2023 umepita zamani, na nyuso na majina yenu bado yako kwenye kuta za watu ambao hamkuwaomba ruhusa. Mtoto anayeona mheshimiwa akichafua ukuta wa jirani bila aibu, mtamkataza kwa mdomo gani? Anzeni ninyi.

Na sisi wa redio: tuache mashindano ya kuwa wa kwanza. Tukipata habari ya ukuta, kwanza tumuulize shefu, kisha tutangaze kilichofanywa, bila kulirudia tusi hewani. Ndiyo sababu maneno yale sikuyaandika hapa. Aliyeyaandika kwa makala alitaka yasomwe. Kupitia mimi yamesomwa vya kutosha.

Jirani yangu yule bado yuko. Nguo za watoto alizifungua siku ya pili, akazifua, akazianika. Nilimwomba msamaha, akaniambia hana shida na mimi. Lakini shuka zile mbili ameziweka karibu na mlango, zimekunjwa. Niliziona nilipoingia kumsalimia, na hakuna kati yetu aliyezitaja.

Kesho asubuhi unapotoka, tazama kuta za avenyu yako mbele ya kutazama simu. Ukiona kitu, nyumba ya shefu unaijua.